Mama Akisafiri na Mtoto: Namna ya Kujikinga na Mbu Njiani na Kwenye Maji



Wengi wenu ni watu wa safari. Mnatoka Salamabila kwenda sokoni Kasongo, mnaenda Kabambare kwa kilio, mnavuka Luama na Lualaba kwa mtumbwi. Wengine wanafika hata Baraka na Uvira, na kupanda mashua ya ziwa Tanganyika. Mtoto yuko mgongoni, mzigo uko kichwani. Kila mama anafikiri mbele juu ya chakula, feza ya njia na kikwembe cha kubadili. Lakini ni wangapi wanaofikiri juu ya mbu?

Katika inchi yetu malaria inaua watoto wengi. Kongo ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Katika mwaka 2023 watu karibu 597,000 walikufa kwa malaria duniani kote, na wengi wao ni watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano. Kwa hiyo tujifunze vizuri.

1. MALARIA INATOKA WAPI?

Zamani watu wa Ulaya walisema malaria inatoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Jina lenyewe, malaria, maana yake ni «hewa mbaya». Katika mwaka 1880 munganga Mfaransa, Laveran, aliona kijidudu cha malaria ndani ya damu ya mgonjwa, kule Algeria. Katika mwaka 1897 munganga Mwingereza, Ross, alikiona kijidudu hicho ndani ya tumbo la mbu, kule India. Tangu hapo tunajua: mbu anakunywa damu ya mtu mwenye malaria, kijidudu kinakomaa ndani yake siku kumi hivi au zaidi, kisha anakipeleka kwa mtu mwingine. Si embe, si muwa, si jua kali, si kunyeshewa na mvua. Ni mbu.

Mbu huyu ni jike. Anauma usiku, tangu jua kuzama mpaka asubuhi. Anataga mayai ndani ya maji yaliyosimama: bwawa la kando ya mto, alama ya magurudumu ya lori barabarani, shimo lililoachwa na wachimbaji wa dhahabu. Ninyi wa upande wa Namoya mnajua mashimo hayo ni mengi namna gani. Kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni karibu juma moja au mawili tu.

2. HESABU YA SIKU

Hapa wamama wengi wanadanganyika, basi sikilizeni vizuri.

Mbu akimuuma mtoto leo, mtoto hapati homa leo wala kesho. Kijidudu kinaingia kwanza katika ini, kinazaana kimya kimya, ndipo kinaingia katika damu. Kazi hiyo inachukua siku saba au zaidi, mara nyingi siku kumi mpaka kumi na tano.

Sasa fanya hesabu. Mtoto akipata malaria siku ya pili ya safari, ugonjwa huo haukutoka safarini. Aliondoka nao nyumbani. Lakini mama akienda kwa shangazi yake siku nne, akarudi Salamabila, na mtoto akashikwa na homa siku ya nane baada ya kurudi, huenda homa hiyo ni mzigo wa safari. Mama anasema, «Hapana, safari ilikwisha zamani, hii ni meno tu.» Au anasema kuna mtu alimtupia mtoto jicho baya. Siku zinapita, na damu ya mtoto inakwisha.

Kwa hiyo shika neno hili: mtoto akipata homa katika majuma yanayofuata safari, mpeleke apimwe siku ile ile. Na ukifika kwa munganga, mwambie, «Tulisafiri, tulilala mahali fulani.» Neno hilo linamsaidia sana.

3. KATIKATI YA MAJI NA KANDO YA MAJI

Hata matajiri wanaotembea baharini kwa meli kubwa kwa kupumzika wanafundishwa jambo hili: katikati ya bahari hakuna mbu wengi, hatari iko bandarini, wakati wa jioni. Kwetu ni vile vile. Mbu wa malaria kwa kawaida haruki mbali sana na mahali alipozaliwa. Mashua ikiwa mbali na inchi kavu katika ziwa Tanganyika, mbu ni wachache. Lakini ikikaribia pwani na kungoja mpaka asubuhi, mbu wanakuja. Na mtumbwi wa Lualaba unapita karibu na majani siku zote.

Kwa hiyo, kama kuna njia, panga safari ili ufike kabla ya jua kuzama. Kama utalala njiani, usilale karibu na bwawa wala shimo lenye maji. Na lori likikwama katika matope wakati wa mvua, usiseme, «Tutakaa macho tu.» Tandika mkeka, funga chandarua.

4. VITU VYA KUFUNGA KATIKA MZIGO

Chandarua chenye dawa. Usikiache nyumbani kukilinda kitanda kitupu. Chukua na kamba nne. Katika mashua simamisha fito nne au funga kamba kwenye nguzo; chini kiingize vizuri chini ya mkeka, pasiwe na mlango hata mdogo. Mtoto akigusa kitambaa, mbu atamuuma kutoka nje. Basi mlaze katikati. Kama kimepasuka, shona kabla ya kuondoka.

Nguo ya mikono mirefu na soksi za mtoto. Jua likianza kushuka, mvalishe. Kikwembe chepesi kifunike miguu yake akiwa mgongoni.

Fishi ya mtoto na fishi yako ya mimba. Munganga wa mahali pengine hakujui. Fishi inamwambia uzito wa mtoto na chanjo alizopata.

Dawa ya kupaka ngozini ya kufukuza mbu, kama unaipata. Soma karatasi yake. Usimpake mtoto wa chini ya miezi miwili, wala usiweke mikononi mwa mtoto, maana ataitia mdomoni.

Na moshi? Moshi wa majani unafukuza mbu wachache, lakini unaumiza kifua cha mtoto mchanga. Si kinga ya kutegemea.

5. MAMA MWENYE MIMBA

Malaria ya mama mwenye mimba inajificha katika kondo la nyuma. Mama anaweza kujisikia mzima, na huku mtoto wa tumboni anakosa chakula na kuzaliwa mdogo. Kwa hiyo tangu mwezi wa nne tunatoa dawa ya kinga, vidonge vitatu vya SP vinavyomezwa mbele ya munganga, na tena baada ya mwezi mmoja au zaidi, mara tatu au kupita mpaka kuzaa. Kama siku yako ya kliniki itakukuta safarini, njoo mbele ya kuondoka utuulize, au enda na fishi yako kliniki ya huko.

6. MBU WA MCHANA

Kuna mbu mwingine, mwenye madoadoa meupe miguuni. Yeye anauma mchana, na anazaa ndani ya makopo, mitungi na magurudumu ya zamani. Ndiye anayeleta homa ya manjano. Katika mwaka 2016 homa hiyo iliingia kutoka Angola na kuua watu katika inchi yetu. Juu yake kuna chanjo nzuri: mtoto anaipata akiwa na miezi tisa, pamoja na ile ya surua. Sindano moja inatosha kwa maisha yote. Kama unataka kuvuka ziwa kwenda Kigoma, uchukue karatasi ya manjano ya chanjo hiyo, maana wanaweza kuiuliza mpakani.

7. HOMA IKIKUKUTA NJIANI

Usingoje kufika mwisho wa safari. Shuka kwenye kituo cha afya kilicho karibu kabla siku moja haijapita. Huko watachoma kidole, tone moja la damu, na katika dakika 15 au 20 wanajua. Kama ni malaria, dawa ni ya siku tatu. Siku ya pili mtoto atacheza tena. Usiache! Maliza yote. Akitapika dawa kabla ya nusu saa kupita, umpe tena kipimo kile kile, kisha uombe munganga akuongezee ili siku tatu zitimie. Na usinunue kidonge kimoja kimoja sokoni. Klorokini ya zamani haiwezi tena malaria yetu. Serikali iliiacha tangu mwaka 2001.

Ukiona hata alama moja ya hizi, kimbia hospitali, mchana au usiku:
– mtoto anashtuka na kukaza mwili;
– hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu;
– amelegea, haamki vizuri;
– viganja vyake ni vyeupe;
– anapumua mbio mbio;
– mkojo wake ni mweusi.

Katika vituo vingine munganga atamwekea mtoto dawa ya artesunate kwa njia ya haja kubwa. Dawa hiyo inafungua njia tu. Lazima aendelee mpaka hospitali.

MASWALI YA WAMAMA

«Mimi nimezoea mbu, sisi ni wazaliwa wa hapa. Juu gani nijisumbue?»
Mtu mkubwa wa hapa ana nguvu kidogo katika damu, lakini mtoto wako bado hana. Na aliyekaa miaka kwenye milima ya baridi, nguvu hiyo imepungua. Mgeni wako akishuka kutoka milimani na watoto wake, mpe chandarua kabla ya kumpa kiti.

«Kuna chanjo ya malaria?»
Ndiyo. Kongo ilianza kuitoa katika mwaka 2024, ikianzia Kongo-Central. Itakapofika kwenu, mleteni mtoto. Lakini inapunguza malaria tu, haiimalizi. Chandarua kibaki.

Wamama, safari ni lazima, hatuwezi kuikataza. Kesho ukifunga mzigo wako, tia chandarua juu ya vitu vyote, si chini, ili jioni mkono wako ukipate upesi kabla ya giza kuingia.

Safari njema.