Dawa ya Presha kwa Mtu wa Foleni ya Tunduma

Dereva wa semi aliyekwama kwenye foleni ya kwenda mpakani Tunduma ana sababu ya kuichukia dawa ya kukojoza. Saa chache baada ya kumeza bendro au haidroklorothiazaidi, kibofu kinambana, na ndipo malori ya mbele yanapoanza kusogea. Hawezi kuacha usukani akatafute choo. Basi anaamua kutomeza siku za safari, na kwa dereva wa masafa marefu karibu kila siku ni ya safari. Mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye presha ileile humeza kidonge hichohicho bila taabu, maana choo kiko nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana swali la "dawa nzuri ya presha ni ipi?" halijibiki kabla ya kujua anayeuliza ni nani.

Presha hutegemea mambo mawili makubwa: wingi wa damu inayosukumwa na moyo, na kubana kwa mishipa inakopita. Kwa kawaida mtu huhesabiwa kuwa na presha ya juu akipimwa zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi. Dawa za kukojoza huifanya figo itoe chumvi, na chumvi ikitoka maji huifuata. Wiki chache baadaye safari za chooni hupungua, lakini presha hubaki chini kwa kuwa mishipa nayo imelegea. Wengi huacha dawa kabla ya kufika hapo.

Amlodipini hupitia njia nyingine. Misuli ya kuta za mishipa huhitaji kalsiamu ili ibane. Dawa hii huziba milango ambamo kalsiamu huingilia, mishipa ikatanuka. Hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Kero yake ni kuvimba vifundo vya miguu, na anayekaa kwenye kiti kutwa nzima huvimba zaidi. Hapo huzuka kosa linalojirudia: mgonjwa anaongezewa dawa ya kukojoza ili miguu inywee. Haisaidii sana, kwa sababu uvimbe huo hautokani na wingi wa maji mwilini bali na maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo. Dawa ni kupunguza dozi ya amlodipini au kuichanganya na dawa ya kundi jingine.

Kundi hilo jingine lina asili ya ajabu kidogo. Kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981, ilibuniwa baada ya wanasayansi kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaka. Yenyewe na enalaprili huzuia mwili kutengeneza kemikali inayobana mishipa. Losartani huiacha itengenezwe, ila huizuia isifanye kazi. Kaptoprili na enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili kapime kifua kikuu kama kawaida, ila mtaje daktari dawa unayomeza. Na mjamzito asipewe yoyote kati ya hizi tatu, kwani humdhuru mtoto tumboni. Wajawazito wengi hupewa methaildopa au nifedipini.

Je, ipi huanza kwetu? Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la CREOLE, lililohusisha Waafrika weusi 728 katika nchi 6, zikiwemo Kenya na Uganda. Kila mmoja alipewa dawa mbili. Baada ya miezi 6, waliokuwa na amlodipini ndani ya jozi yao walishuka presha zaidi kuliko waliokosa. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba figo za wengi wetu, si wote, hushikilia chumvi, na ile kemikali ya kubana mishipa inakuwa kidogo tangu mwanzo. Dawa ya kuizuia ikipewa peke yake haikuti kazi kubwa. Hata hivyo, mwenye kisukari kilichogusa figo, au moyo uliochoka, huihitaji.

Jambo la kuanza na dawa mbili huwashtua wagonjwa, wakidhani hali yao imekuwa mbaya. Hapana. Uchambuzi wa majaribio 42, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya kundi la pili hushusha presha takriban mara tano zaidi ya kuongeza maradufu dozi ya ile ya kwanza.

Kuhusu saa, dereva ana nafuu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mishtuko ya moyo na kiharusi kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Anaweza kumeza akishaegesha. Lakini lazima aseme mapema: "Dokta, mimi ni mtu wa barabara, hiyo ya kukojoza mchana siiwezi." Wapo wanaoona aibu kulisema hilo, na daktari asipoambiwa hudhani dawa imeshindwa, akaongeza dozi.

Mpaka nao una mtego wake. Dawa ikimwishia njiani, dereva hununua popote, Tunduma au ng'ambo Nakonde, na kidonge kilekile huuzwa kwa majina tofauti ya kibiashara. Anaweza kujikuta na boksi mbili mfukoni, zote amlodipini, akameza zote. Jina la dawa yenyewe huandikwa karibu na lile la kibiashara, mara nyingi kwa herufi ndogo, pamoja na miligramu zake. Boksi la zamani, hata likiwa tupu, ndilo la kumwonyesha muuzaji.