Mali bila Daftari: Jezi za Uwanjani Zinazotuponyoka

Usiku wa tarehe 27 Juni 2019, jijini Cairo, Michael Olunga aliifungia timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, mabao mawili katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, la kwanza akilipiga kwa tikitaka. Watu wa Thika walikuwa na sababu yao ya ziada ya kushangilia, kwa kuwa miaka mitano tu kabla ya hapo mshambuliaji huyo alikuwa akiichezea Thika United, klabu iliyolelewa kwa fedha za kampuni ya maziwa ya Brookside ya Ruiru. Jezi ya shabiki yenye jina la Olunga mgongoni inaweza kuchapishwa leo, kesho na mwakani. Ile aliyoitolea jasho uwanjani usiku huo haichapishwi tena. Hata hivyo, ukiletewa leo nguo mbili, moja ya uwanjani na nyingine ya dukani, utajuaje ipi ni ipi? Nashikilia kwamba thamani ya jezi ya mashindano haimo katika kitambaa wala katika jina lililobandikwa, bali katika ushahidi unaoiunganisha na mchezaji na siku. Ushahidi huo hukusanywa vizuri zaidi ndani ya saa chache baada ya filimbi ya mwisho, na sisi tunaoishi kando ya barabara ya Thika tuna kila kinachohitajika kuukusanya, ila mazoea ya kuandika.

Soko la dunia limekwisha kuonyesha jinsi ushahidi unavyofanya kazi. Mei 2022 jezi ya bluu ambayo Diego Maradona aliivaa dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia la 1986 iliuzwa na mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni 7. Mwanzoni haikuwa nguo ya kifahari. Argentina walikosa jezi nyepesi za kuvaa kwenye joto la Mexico, wakatuma mtu dukani nchini humo, kisha nembo zikashonwa na namba za kung'aa zikabandikwa kwa haraka kabla ya mechi. Mchezaji wa Uingereza Steve Hodge alibadilishana jezi na Maradona mechi ilipokwisha, akaihifadhi, na baadaye akaiazimisha makumbusho ya soka ya Uingereza kwa takriban miaka 20. Mnada ulipotangazwa, familia ya Maradona ilipinga, ikidai kwamba jezi ile ni ya kipindi cha kwanza, si ya kipindi cha pili alipofunga yale mabao mawili yasiyosahaulika. Dai hilo lilikuwa zito, kwa maana mchezaji anaweza kuvaa jezi mbili katika mechi moja. Lilijibiwa kwa picha: wataalamu waliilinganisha nguo yenyewe na picha za mabao, wakathibitisha kuwa ndiyo aliyoivaa alipofunga. Bila picha hizo, ungebaki ubishi tu.

Namna ya kulinganisha si uchawi. Nembo iliyoshonwa kwa mkono hukaa juu kidogo au huinama upande. Namba iliyobandikwa kwa joto huacha pengo lake kutoka kwenye mshono, na ukingo wake huwa na kasoro isiyofanana na ya namba nyingine. Kitambaa chenye mistari hukatwa na kuungwa mahali tofauti kwa kila jezi, kwa hiyo pale mstari unapokutana na mshono wa bega pana alama ambayo jezi ya pili haina. Anayetazama huchukua picha kali za siku ya mechi, akatafuta alama kama hizo, kisha akazitafuta kwenye nguo aliyo nayo mkononi. Jasho, madoa ya nyasi na shingo iliyovutwa husaidia, lakini hayatoshi peke yake, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuivaa jezi ya dukani kucheza mechi ya mtaani na kuirudisha ikiwa na madoa.

Hapa ndipo Thika na Ruiru zinapoingia, na zinaingia kwa mlango wa mitumba. Anayefungua mtumba wa nguo za michezo hupanga mali yake kwa daraja: kamera juu, za kati zikifuata, fagia mwishoni. Jezi za Ulaya za miaka ya 1990 na 2000, ambazo zamani ziliuzwa pamoja na fulana nyingine, sasa hutengwa na vijana wanaojua kusoma lebo ya ndani, namba ya bidhaa, mwaka wa msimu, na tofauti kati ya nembo iliyoshonwa ya jezi za mashabiki na ile nyepesi iliyobandikwa ya jezi nyingi za kisasa za wachezaji. Huo ni ujuzi wa kweli, na unastahili heshima kuliko unavyopewa. Lakini hata mjuzi huyo hufikia ukuta. Lebo inaweza kumwambia kwamba nguo ilitengenezwa kwa ajili ya wachezaji. Haiwezi kumwambia kwamba mchezaji aliivaa, sembuse nani na lini. Mtumba hufika umefungwa na historia yake imekatwa nyuma. Jezi bila historia ni kama ploti bila hati: unaweza kuikalia, ukaipenda, lakini siku ya kuuza huna la kumwonyesha mnunuzi. Kwa hiyo yule anayetumaini kuokota jezi ya Kombe la Dunia sokoni Thika anatafuta mahali ambapo, hata akiipata, hataweza kuithibitisha kwa urahisi.

Mahali pa kutafuta ni kwetu wenyewe. Harambee Stars imecheza fainali za Afrika mwaka 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo ulikuja Tunisia mwaka 2004, mabao 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Oktoba 2024 Junior Starlets, wasichana wasiozidi miaka 17, walikwenda Jamhuri ya Dominika wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yalifika Kasarani, kwenye barabara hiyohiyo ambayo matatu za Ruiru na Thika hupita kila siku. Tarehe 10 Agosti Kenya, ikiwa imebaki na wachezaji 10, iliishinda Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam. Morocco hiyohiyo ndiyo iliyotwaa kombe mwishoni mwa mwezi. Jezi za mechi hizi ni adimu kuliko nyingi zinazopigwa mnada London, kwa sababu rahisi kwamba mechi zenyewe ni chache. Kenya ilipata ushindi mmoja tu kwenye Kombe hilo la Dunia la wasichana, na walioshuka uwanjani siku hiyo kwa upande wetu hawajai hata matatu ndogo ya viti 14, ukitoa walioingia kama akiba.

Wapo watakaosema hizi ni anasa za matajiri, na kwamba nchi yenye viwanja vibovu haina haja ya kutunza fulana zenye jasho. Pingamizi hili lina uzito wake, na ningelikubali kama hoja ingekuwa kununua. Kuandika hakuhitaji mamilioni. Daftari, simu yenye kamera, lebo ya kitambaa na sahihi ya mchezaji ni vitu ambavyo timu ya kata inaweza kuvigharimia. Tena umaskini wenyewe ni sababu ya kuandika mapema. Katika timu zetu nyingi seti ya jezi hurudishwa stoo, ikafuliwa, ikavaliwa mechi inayofuata, ikashuka kwenye mazoezi, halafu ikagawiwa. Mahali ambapo jezi hazitoshi hakuna inayotulia kabatini ikisubiri kuulizwa, na kwa zile za fainali za 1972, zaidi ya miaka 50 ya kungoja ni mingi mno.

Wengine watasema serikali ndiyo yenye wajibu. Ni kweli ina wajibu, lakini sheria haitaamka yenyewe. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inakihesabu kitu kuwa cha kale kikiwa kimetengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Soka letu lote la mashindano ya kimataifa limekuja baada ya mwaka huo. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kuwa kitu kinacholindwa, lakini ni lazima kwanza mtu akitambulishe kitu hicho, aseme kiko wapi na kwa nini kina maana. Yaani hata njia ya serikali inaanzia kwenye daftari. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sioni mali inayofaa onyo hilo zaidi ya hii.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la haki. Soko likishajua kwamba jezi ina bei, wanaoumia kwanza ni wachezaji. Atatokea mtu mwenye noti chache mfukoni amfikie msichana wa sekondari aliyecheza dhidi ya Mexico, ainunue jezi yake kwa bei ya mboga, kisha aiuze nje. Silioni jibu la pingamizi hili katika kuficha thamani ya jezi, kwa kuwa siri ya namna hiyo humfaa mjanja peke yake. Jibu ni mchezaji aijue thamani kabla ya mnunuzi, apewe karatasi inayosema jezi ni yake, na kwa aliye chini ya miaka 18 asiuze chochote bila mzazi au mlezi kukaa mezani. Mwenye kukusanya kwa moyo safi atayakubali masharti hayo, maana karatasi hiyo ya umiliki ndiyo itakayomlinda yeye pia.

Na eneo hili lina watu wa kufanya kazi hiyo. Thika Queens, waliowahi kuwa mabingwa wa ligi kuu ya wanawake, wameipa timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, wachezaji kwa miaka. Zetech Sparks, timu nyingine ya wanawake, wako Ruiru. Thika ina Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na maktaba ya chuo hujua kupokea kitu, kukipa namba na kukitunza. Mji uliokuwa na viwanda vya nguo kwa miongo, Thika Cloth Mills kikiwemo, una mafundi wanaosoma ufumaji kwa vidole, wanaoweza kusema kitambaa hiki na kile havikutoka kwenye roli moja. Ukiwaweka watu hawa pamoja na wale vijana wa mitumba wanaosoma lebo, umepata jopo ambalo mnada wa nje ungelilipia fedha nyingi.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Jezi ya kuhifadhiwa isifuliwe, kwa kuwa doa ni sehemu ya ushahidi. Isianikwe juani wala kuwekwa kwenye plastiki iliyofungwa, hasa majira ya masika ambapo unyevu huleta ukungu. Ilazwe bapa, karatasi nyeupe isiyo na wino ikiwekwa ndani ya mikono na kifuani, na isikunjwe juu ya namba, kwani namba za kubandika hupasuka kwenye mkunjo.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Watunza vifaa, manahodha, walimu wa michezo na wauza jezi wa Thika na Ruiru, anzeni sasa na timu mlizo nazo. Mechi ikiisha, pigeni picha ya jezi mbele na nyuma, nembo na mishono, mchezaji akiwa bado ameivaa. Andikeni tarehe, uwanja, mpinzani na kipindi alichoivaa. Mchezaji atie sahihi na abaki na nakala yake. Na kama nyumbani kwenu ipo jezi ya taifa ya mjomba au shangazi aliyewahi kucheza, msiifue tena na msiiuze kabla hamjamketisha, yeye au waliomwona akicheza, mkaandika anachokikumbuka.