Redio Mpya katika Gari Kuukuu: Tuanze na Betri

Mtu anunuapo redio mpya kwa ajili ya gari la zamani, aghalabu huanza kwa kuuliza spika zina ukubwa gani. Swali hilo lina wakati wake, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: gari hili lina umeme wa ziada kiasi gani, na umeme huo utapita katika waya gani? Anayelijibu kabla ya kwenda dukani huziokoa fedha za jamaa yake, na pengine huliokoa gari lenyewe, kwani waya mmoja uliochunika kando ya mrija wa petroli watosha kuliteketeza.

Tuchukue gari ambalo wasomaji wetu wengi wanalijua, Peugeot 504. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na lile la mgongo mrefu likabeba abiria wa safari za mbali katika barabara za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Yangalipo magari hayo, mengine yametunzwa vizuri kuliko magari ya juzi. Tuseme basi kwamba sajini mmoja mstaafu analo, injini yake ni nzima, ila redio iliyokuja nalo imenyamaza zamani. Mwanawe amerudi nyumbani na boksi lenye redio mpya, amplifaya moja na spika nne. Baba anataka kusikiliza taarifa ya habari. Kijana anataka muziki. Wote wawili wana haki, na wote wawili wafunue boneti kwanza.

Ubavuni mwa altaneta, yaani mashine izungushwayo na mkanda wa injini ili kutoa umeme, mara nyingi huandikwa kiasi cha ampea iwezacho kutoa. Katika magari ya umri huo aghalabu ni kati ya 30 na 50. Magari yaliyotangulia zaidi yalikuwa na dainamo, na dainamo nyingi za Kiingereza zilitoa ampea 22 tu. Tushike ampea 40 kwa mfano wetu. Sasa tuhesabu matumizi ya usiku wa mvua. Taa mbili kubwa za mbele zenye wati 55 kila moja, pamoja na taa ndogo za nyuma, hula kama ampea 10. Mfumo wa kuwasha petroli hula 4 au 5. Vifuta mvua vina 4 hivi, feni ya kuondoa ukungu kiooni 6, taa za breki 3 na nusu kila mguu ugusapo pedali. Tumekwisha kufika karibu 28, na redio hatujaiwasha. Zilizobaki ni ampea 12. Na hesabu hii ni ya gari linalokwenda. Likisimama katika msongamano huku injini ikivuta pumzi polepole, altaneta haitoi hata nusu ya kiasi kilichoandikwa, na kinachopungua hutoka katika betri.

Sasa tutazame amplifaya ya kijana. Hesabu ya umeme ni nyepesi: wati ukizigawa kwa volti hupata ampea. Gari liwapo katika mwendo, umeme wake ni kama volti 14. Amplifaya inayotoa wati 50 za kweli kwa kila spika kati ya nne hutoa wati 200, lakini hula zaidi ya hapo kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto. Zile za muundo wa zamani, ambazo wauzaji huziita za daraja AB, hupoteza karibu nusu. Kwa hiyo sauti ikifunguliwa yote zitavuta kama ampea 26. Za daraja D hupoteza kidogo tu, nazo kwa kazi hiyo hiyo huvuta kama 17. Ni kweli kwamba muziki hupanda na kushuka, na wastani wake ni mdogo kuliko kilele. Hata hivyo kwa gari la mfano wetu ni dhahiri kwamba amplifaya ndogo ya daraja D ndiyo ifaayo. Ile spika kubwa ya besi ambayo vijana huiita sabufa ingengoja mpaka altaneta kubwa zaidi ipatikane.

Hapa yafaa tuseme neno kuhusu maandishi ya maboksi. Redio yenye alama ya "wati 50 mara 4" haitoi wati 200, na kipimo chake si kigumu. Geuza redio utazame fyuzi iliyo mgongoni. Ikiwa ni ya ampea 10, basi redio nzima haiwezi kula zaidi ya wati 140 hivi kwa muda mrefu, sembuse kuzitoa 200. Kwa volti za gari, redio isiyo na amplifaya ya pembeni hutoa kama wati 20 za kweli kwa kila spika. Nazo si haba. Kwa sajini wetu zatosha kabisa, kama spika ni nzuri na zimefungwa imara. Na huenda hata kijana akaridhika.

Kabla ya kukata waya wowote, fundi na apime kwa mita ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi la gari. Katika 504, na katika karibu magari yote ya leo, ni ncha hasi. Lakini magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960, zikiwamo Land Rover za wakati huo, yalifunga ncha chanya kwenye bodi. Redio ya kisasa ikifungwa humo bila kugeuza mfumo huungua mara moja. Vivyo hivyo Volkswagen za mgongo wa kobe za zamani zilikuwa na umeme wa volti 6, ilhali redio za leo hutaka 12. Swali la fundi kwa mwenye gari, "Mzee, gari hili limewahi kugeuzwa umeme?", si swali la ujinga, fundi asiyeliuliza ndiye wa kutiliwa shaka.

Mtego mwingine, ambao umeziua redio nyingi, umo katika spika. Redio za zamani ziliweza kupeleka waya mmoja tu kwa spika, na njia ya kurudi ikawa ni bodi la gari. Redio za leo hazifanyi hivyo hata kidogo. Kila spika hutaka waya wake wawili, na wowote kati yake ukigusa bodi, redio hujizima au hufa. Basi asidanganyike mtu kwa kuona kwamba nyaya za zamani zimo milangoni tayari. Na azing'oe, au aziache zimelala, apitishe mpya.

Nyaya za redio mpya zina rangi zinazofanana kwa watengenezaji walio wengi. Njano hutoka moja kwa moja kwenye betri ili kuhifadhi saa na stesheni. Nyekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Nyeusi huenda kwenye bodi. Buluu yenye mstari mweupe huiamsha amplifaya. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na ile yenye mstari mweusi katika kila jozi ni hasi. Rangi za gari lenyewe lakini hazina mkataba na mtu yeyote, hasa baada ya miaka hamsini na mafundi saba. Hizo hupimwa kwa mita, hazikisiwi.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Waya mnene uendao kwa amplifaya hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupenya ukuta wa bati ulio kati ya injini na abiria, hupita chini ya zulia hadi kwenye buti. Betri ya gari huweza kusukuma mamia ya ampea. Waya huo ukisuguliwa na bati mpaka ngozi yake ikatoboka, umeme wote huo hukimbilia kwenye bodi, waya hugeuka kaa la moto, na zulia lipo juu yake. Kwa sababu hiyo hapana budi kufunga fyuzi karibu sana na betri, isizidi sentimita 45 kutoka nchani. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya huko nyuma haisaidii kitu hapa, kwa kuwa mita nne za waya zilizo mbele yake hazina mlinzi. Kazi ya fyuzi ya mbele ni kuulinda waya, nayo huchaguliwa kwa unene wa waya. Ikikatika, sababu itafutwe. Anayeirudishia kwa msumari au kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara amemfukuza askari wa zamu na kuacha lango wazi.

Pale waya upenyapo bati, tundu livishwe mpira. Unene wake, kwa amplifaya ya mfano wetu, ni milimita za mraba 8 kwa uchache, na usikaribie mrija wa petroli wala bomba la moshi. Jihadhari pia na waya wa bei nafuu ambao ni alumini iliyopakwa shaba: alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha kama asilimia 60 tu ya shaba, hivyo hupata joto upesi. Ukikwangua uzi mmoja kwa kisu ukaona ndani ni mweupe ilhali nje ni mwekundu, muuzaji amekupa alumini. Waya wa bodi nao uwe mnene vilevile, mfupi, ufungwe penye bati lililosuguliwa rangi hadi kung'aa. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini mara nyingi huletwa na kiungo kibovu cha hapo, au na nyaya za sauti zilizopitishwa pamoja na waya wa betri. Zipite upande wa pili wa gari.

Kazi yote ifanywe betri ikiwa imefunguliwa, na ncha ya kufunguliwa kwanza ni ile iliyofungwa kwenye bodi. Ndiyo ya kufungwa mwisho pia. Sababu ni kwamba spana ikiteleza ikagusa bati wakati unafungua ncha ile nyingine, nawe ile ya bodi bado imefungwa, cheche zake si za mchezo.

Milango ya magari ya zamani huingiza maji ya mvua, nayo ndivyo ilivyoundwa. Maji hushuka kando ya kioo na kutokea matundu ya chini. Spika ifungwayo mlangoni ivishwe kofia ya plastiki kwa nyuma, na kina chake kipimwe kioo kikiwa kimeteremshwa chote, la sivyo kioo kitaigonga siku ya kwanza ya joto. Ili spika zote zisukume kwa pamoja, gusisha betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa nukta moja: chanya kwa chanya, kava la karatasi huruka nje. Likiingia ndani, alama zimegeuzwa, na besi ingepotea bila mtu kujua kwa nini.

Kuhusu kukata dashibodi, maoni ya ukurasa huu ni kwamba isikatwe. Tundu la redio za leo lina upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na magari mengi ya zamani yalikuwa na tundu dogo zaidi lenye vishikizo viwili vya kuzungusha. Msumeno wa dakika tano hulipunguzia gari thamani ambayo hairudi. Redio mpya yaweza kukaa ndani ya kisanduku cha makaratasi au chini ya kiti, ikaongozwa kwa simu ya mkononi, na ile ya zamani ikabaki mahali pake kama pambo. Huko sandukuni hata mwizi haioni kwa urahisi, jambo ambalo wasomaji wetu wa polisi hawatalipinga. Wenye magari ya zamani yaliyotoka Japani wana shida yao tofauti: redio zake za FM huishia 90, ilhali stesheni zetu huanza 88 hadi 108. Kwao redio mpya si anasa.

Mama wa nyumba atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama muziki utapigwa gari likiwa limesimama uani siku ya sherehe. Betri ya ampea 60 kwa saa ikivutwa ampea 10 kwa saa tatu hubaki nusu, na betri za kuwashia injini huharibika zikizoeshwa kukamuliwa hivyo. Kwa sherehe injini iwashwe kila baada ya muda, nje, si katika gereji iliyofungwa. Na barabarani sauti iwe ya kiasi ambacho dereva bado husikia honi ya lori iliyo nyuma yake.

Fundi akimaliza, asilipwe yote kabla ya kuwasha taa, vifuta mvua, feni na redio kwa pamoja, injini ikiwa inazunguka, huku mita ikiwa kwenye ncha za betri. Ikisoma zaidi ya volti 13, kazi ni njema. Ikisoma 12 na kuzidi kushuka, amplifaya ifunguliwe na irudi dukani ingali na boksi lake. Kisha fundi achore kwenye karatasi njia ya kila waya, rangi yake na mahali pa kila fyuzi, karatasi hiyo ikunjwe na kuwekwa pamoja na kadi ya gari.