Kwa nini darubini ya setilaiti huhitaji baridi kali?

Usiku, mvuvi wa Koyama hawezi kuona wingu la dhoruba likikusanyika mbali baharini. Setilaiti ya Ulaya, Meteosat-9, iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, mashariki ya Kismayo, huliona, kwani hupima pia mionzi ya joto, yaani infraredi. Kilele cha wingu refu la dhoruba huwa baridi kuliko bahari.

Hata hivyo, chombo chenyewe nacho hutoa joto, kama karabai inavyomzuia aliyeishika kuona nyota. Hivyo vihisi vya infraredi hupoozwa hadi takriban nyuzi 180 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa kumwaga joto lao kwenye giza la angani.

Picha mpya hupatikana kila dakika 15. Manufaa yake hutegemea onyo kumfikia mvuvi kabla hajatweka tanga.