Fahamu: MaikroRNA zinavyoongoza seli shina za damu

MaikroRNA ni vipande vifupi vya RNA, vyenye takriban nyukleotidi 22, ambavyo uvumbuzi wake uliwapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Havibebi maelekezo ya kutengeneza protini, bali hujishikiza kwenye RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayosomwa na seli, na kuizuia isitoe protini.

Katika uboho, udhibiti huo huchangia kuamua iwapo seli shina ya damu itajizalisha upya, yaani itagawanyika na kubakiza seli shina nyingine, au itakomaa kuwa seli ya damu. MiR-125a, kwa mfano, hupunguza protini ya Bak1 inayochochea seli kujiua, na hivyo huongeza seli shina katika panya. La kustaajabisha zaidi ni miR-126, ambayo huituliza seli shina isigawanyike ovyo: ikipunguzwa, seli shina za kawaida huongezeka, ilhali zile za lukemia kali ya mieloidi hukomaa na kupoteza uwezo wa kuendeleza saratani. Tofauti hiyo inaifanya kuwa shabaha ya tiba yenye matumaini makubwa, ingawa tiba hiyo italazimika kuepuka kudhuru mishipa ya damu, ambayo nayo huitegemea miR-126.