Kitabu Kilichowaudhi Waliokuwepo

Mwishoni mwa 1929 Siegfried Sassoon na Edmund Blunden, washairi wa Kiingereza na maofisa wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza, walichukua nakala moja ya kitabu cha askari mwenzao wakaijaza kalamu. Waliandika maelfu ya maneno pembezoni mwa kurasa: hapa kakosea, pale kazidisha, hili halikuwa hivyo. Nakala hiyo imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya umma ya New York. Kitabu chenyewe ni *Goodbye to All That*, kumbukumbu za Robert Graves.

Mtu asidhani Graves alikuwa askari wa kijiweni. Alijiunga na jeshi 1914 akiwa na miaka 19, akapangiwa Royal Welch Fusiliers, akapigana Loos mwaka uliofuata. Julai 1916, huko Somme, kipande cha kombora kilimpasua pafu. Mkuu wake akamwandikia mama mtu barua ya rambirambi, na gazeti la The Times likamweka kwenye orodha ya waliokufa. Kijana aliyetimiza miaka 21 siku hizohizo yuko hospitali anapumua, na kwao msiba umeshaingia.

Mimi nilivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda 1979, katika vita vya Kagera, kwa hiyo kitabu hiki nilikisoma kwa jicho la askari. Kuna mahali Graves anasema wapiga bombomu walikuwa wakimimina risasi mkanda baada ya mkanda bila kulenga chochote, ili tu maji ya kupozea mtutu yachemke wapate chai. Hapo nilicheka, kisha nikawaza: chai ya maji yenye mafuta ya bunduki nani ataimeza? Na risasi zote hizo sajini kazihesabu vipi? Kuna pia askari aliyekwisha kuuawa, anayepita dirishani wakati maofisa wanakula, anapiga saluti na kutoweka. Wenzake wengi waliokuwa mstari wa mbele hawakuyapenda mambo ya namna hii. Graves naye hakujificha sana. Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka aliandika waziwazi kwamba alikuwa na shida ya fedha, na kwamba makusudi alitia humo vitu ambavyo wasomaji hupenda: vyakula, mizimu, wafalme, mauaji. Kitabu kiliuzika kama maandazi ya asubuhi.

Lakini alikuwa na utetezi mwingine, na huo siwezi kuupuuza. Alisema mtu aliyekaa chini ya mizinga siku nyingi hawezi kukumbuka sawasawa. Kumbukumbu zake zikiwa safi mno, basi hizo ndizo za kutilia shaka. Sisi wa Kagera tukikutana msibani hatuelewani hata juu ya usiku wa mapigano ya Lukaya. Mmoja anaapa kulikuwa na mbalamwezi, mwingine anaapa hakuona hata kiganja chake. Wote walikuwepo, na sijamwita yeyote kati yao mwongo.

Kwa hiyo chai na mizimu ningeyasamehe. Kilichomchoma Sassoon hasa ni jambo jingine, tena la kweli. Mdogo wake, Hamo, alikufa katika vita vya Gallipoli 1915. Graves alieleza alivyokwenda likizo nyumbani kwa rafiki ambaye mama yake, kwa uchungu wa kufiwa, alikesha akijaribu kuzungumza na roho ya mwanawe. Mgeni akaona heri Ufaransa kuliko usiku wa nyumba ile. Jina hakulitaja, ila mwenye mama alijua. Humohumo alichapisha shairi ambalo Sassoon alimtumia kama barua akiwa hospitali 1918, wala hakumwomba ruhusa. Sassoon akaja juu, na mchapishaji, Jonathan Cape, akalazimika kuziondoa sehemu hizo wakati nakala za kwanza zimeshatoka. Chai ya bombomu ikabaki kitabuni; yaliyotolewa ni yale yaliyotokea.

Hapa niko upande wa Sassoon moja kwa moja. Yeye mwenyewe, alipoandika habari za vita, aliwabadilisha watu majina: Graves akawa David Cromlech, na yeye akawa George Sherston. Machozi ya mama wa mwenzako si mali yako, hata kama uliyaona kwa macho yako.

Batalioni ya pili ya Royal Welch Fusiliers nayo ilikuwa na kinyongo chake. Graves aliwaanika maofisa wake wa zamani, jinsi walivyowanyanyapaa maofisa vijana waliohamia kwao, kuwanyima wiski na kuwanyamazisha mezani. Daktari wa batalioni hiyo, J. C. Dunn, alijibu kwa kazi. Alikusanya shajara na maelezo ya watu wengi, Sassoon akiwamo, akayapanga siku kwa siku, na 1938 akatoa *The War the Infantry Knew* bila kuweka jina lake. Nikitaka kujua kikosi kililala wapi tarehe fulani, namuuliza Dunn. Nikitaka kujua kijana wa miaka 20 alivyochoka mpaka akili ikamhama, narudi kwa Graves.

Kuna kitabu kingine cha batalioni hiyohiyo, *Old Soldiers Never Die*, cha Frank Richards, aliyewahi kuwa mchimba makaa na akapigana vita vyote bila kupanda cheo. Kilitoka 1933, na kinasifiwa kwa kusema mambo jinsi askari wa kawaida alivyoyaona. Aliyemsaidia Richards kuunyoosha mswada wake ni Robert Graves.