Unamlea mjukuu? Usiache haki yake ya masomo ipotee

Huenda wewe ni nyanya, shangazi au mjomba unayemlea mtoto wa jamaa yako huko Kibera au Kawangware. Unamleta kwa daktari akilalamika kwamba anaumwa na tumbo au kichwa, lakini vipimo havionyeshi ugonjwa. Tukiuliza zaidi, tunapata kwamba amefukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Usimkaripie. Wasiwasi huweza kumfanya mtoto aumwe kweli.

Je, serikali husaidia? Ndiyo. Tangu Januari 2003, shule za msingi za umma hazitozi karo ya masomo. Hata hivyo, watoto wengi wa mitaa hii husoma katika shule za kibinafsi ambako karo hulipwa. Kwa hivyo, tafuta kwanza nafasi katika shule ya umma.

Pili, kuna fedha za mayatima chini ya mpango wa Inua Jamii. Zilianza kutolewa kwa majaribio mwaka wa 2004, wakati Ukimwi ulikuwa umewaachia akina nyanya mzigo mkubwa. Familia iliyosajiliwa hutengewa Sh2,000 kwa mwezi, iwe ina yatima mmoja au wanne. Hazitoshi, lakini husaidia kununua sare na chakula. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa vijana wa familia zilizopokea fedha hizo walichelewa kuanza ngono kuliko wenzao. Kwetu madaktari, hiyo ni kinga.

Tatu, kuna basari za serikali kwa mayatima walio katika shule za sekondari. Ulizia katika ofisi ya watoto.

Kinachowakwamisha wengi ni karatasi. Mzazi hufariki na cheti cha kifo hakichukuliwi. Mtoto naye hana cheti cha kuzaliwa. Usajili wa Inua Jamii hufunguliwa kwa vipindi, na asiye na vyeti huachwa nje. Anza sasa. Mwone naibu wa chifu, ukibeba kitambulisho chako na kadi ya kliniki ya mtoto. Usione haya: Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa.

Mwisho, mlezi, nawe pimwa shinikizo la damu. Ukianguka, mtoto huyo atakuwa yatima mara ya pili.